Injini Iliyopakwa Rangi

Katika biashara zote za mjini Nairobi sijui kama iko moja inayotegemea ulimi kuliko biashara ya injini kuukuu. Mwuza mchicha hana haja ya maneno mengi. Mchicha umo machoni pa mnunuzi, ukinyauka umenyauka. Mwuza nguo za mtumba atakupa shati ulishike, ulinuse, uliinue juani uone kama limetoboka. Injini ni chuma kilichofungwa. Mambo yake yote yamo ndani, gizani, katika oili, na anachokiona mnunuzi ni ganda. Kwa hivyo kinachouzwa kwanza pale kibandani ni maneno, na chuma hufuata nyuma. Nami niliyekula kwa maneno miaka yote hii, mara kwa shairi na mara kwa makala, naona si vibaya nikayatia mizani maneno ya wenzangu hao.

Nazungumza khasa juu ya Dandora na jirani zake, maana ndiko ninakokwenda kila nifikapo Nairobi kumtazama mpwa wangu. Wengi katika sisi watu wa Pwani hulijua jina la Dandora kwa mambo mawili. La kwanza ni jaa la taka, lililoanza katikati ya miaka ya 1970, likatangazwa mwaka 2001 kuwa limejaa, na malori yakaendelea kumwaga kama kwamba hakuna aliyesema neno. La pili ni muziki wa vijana, kwa kuwa Kalamashaka walitoka huko katika miaka ya 1990 na kuimba kwa Kiswahili ambacho si cha Lamu wala cha Mvita, lakini kina mdundo wake na kina uchungu wake, na mimi sikuwahi kuwa pamoja na wanaokicheka. Lakini iko Dandora ya tatu, nayo ni Dandora ya wajenzi. Mtaa huu ulianzishwa miaka hiyo hiyo ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja 6,000, kila kimoja na maji yake na choo chake, na mwenye kiwanja akaachiwa ajijengee vyumba kidogo kidogo kadiri ya mfuko wake. Watu waliojijengea nyumba kwa bati lililotumika na mbao zilizotumika hawakioni kitu kuukuu kuwa ni kitu kibaya. Wamekizoea, wanajua kukipa umri wa pili. Hiyo ni hekima, na makala haya hayakuandikwa kuidharau.

Ukitoka Dandora kuelekea Kariobangi, kule kwenye karakana za Light Industries karibu na barabara ya Outering, unaingia katika nchi ya chuma. Huku mtu anafungua gea boksi juu ya gunia, kule mwengine anachomelea ekzosi, na kati yao zimepangwa injini juu ya mataili, moja moja, zimeoshwa, zimepakwa rangi ya fedha, zinang'aa kama sufuria za bi harusi. Zaidi ya hapo, katikati ya mji, iko Kirinyaga Road ambayo wazee na vijana bado wanaiita Grogan, na huko nako ni hayo hayo. Mwenye gari Nairobi, awe tajiri au mwenye kubangaiza, ipo siku atafika mojawapo ya mahali hapo.

Zinatoka wapi injini hizi? Ile inayosifiwa kuliko zote huitwa "ex-Japan", na neno hilo limekuwa kama sifa ya ukoo. Sifa hiyo ina asili yake. Huko Japani gari la mtu binafsi hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu ya kwanza, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi huo, pamoja na kodi na bima zake, ni ghali. Wengi huona afadhali waliuze gari kuliko kulikagua tena. Basi huuzwa likiwa halijachoka, na barabara zake zilikuwa laini, na oili yake ilibadilishwa kwa wakati. Singapuri nako mtu hununua kibali cha kuwa na gari kwa miaka kumi, kikiisha gari huondoka barabarani, na vipande vyake huuzwa nje. Mali hiyo hukusanyika, nyengine Sharjah, ambako kuna mitaa mizima ya spea zilizotumika na ambako utasikia Kiswahili cha Unguja na cha Mombasa kikizungumzwa kati ya mafungu ya chuma. Halafu hupakiwa makontena, huja Kilindini, na kutoka Kilindini hupanda bara.

Yote hayo ni kweli, na kwa sababu ni kweli ndiyo maana uongo umepata mahali pa kujificha. Injini iliyong'olewa katika matatu iliyopinduka njiani nayo huoshwa kwa mafuta ya taa, hupakwa rangi ile ile ya fedha, ikawekwa juu ya taili pamoja na wageni wa Japani. Nani atazitofautisha? Gari zima lina mita ya kuonyesha maili lilizokwenda, ingawa mita nayo hurudishwa nyuma. Injini iliyo chini haina hata hiyo mita. Haina pasi, haina cheti cha kuzaliwa. Ina ulimi wa anayeiuza.

Ulimi huo una msamiati wake. "Haijafunguliwa." "Imetoka kwenye kontena jana." "Hii nilikuwa nimeiweka ya gari yangu mwenyewe." "Mzee wangu, haki ya Mungu, hii ni orijino." Neno hili "orijino" linanistaajabisha. Kitu kikishatumika, kikafunguliwa, kikaoshwa, kikapakwa rangi, uasili wake uko wapi? Nimesikia kijana akiapa kuwa kitu ni "orijino" na boksi alilolishika bado lina harufu ya gundi. Pedi za breki na plagi ndizo zinazoghushiwa zaidi kwa njia hiyo ya boksi jipya, kwani plagi kuukuu hupigwa brashi ya waya hadi ikameremeta. Nchi ina sheria ya kupinga bidhaa bandia tangu 2008. Hilo sitalikalia sana, maana bandia ni bandia, na mwenye kuuza breki bandia anajua anawauzia watu mauti. Ninalotaka kulizungumza ni gumu zaidi: injini ambayo ni ya kweli, ila ni mgonjwa, na anayeiuza anaujua ugonjwa wake na ananyamaza.

Mpwa wangu ana Probox ya kubebea watu na mizigo midogo, kazi inayomlisha yeye na mkewe na watoto watatu. Injini yake ilipokufa mwaka juzi alichanga shilingi 80,000, sehemu yake akiba na sehemu yake mkopo wa chama, akaenda katika kibanda kimoja cha huko Eastlands ambacho sikitaji. Hakwenda kama mjinga. Alikwenda na makanika wake. Injini ilikuwa juu ya fremu, ikaunganishwa na betri, ikawashwa mbele yake, ikanguruma vizuri bila moshi. Akatoa pesa. Siku ya tano, akipanda kutoka Mlango Kubwa, moshi wa buluu ukaanza kumfuata nyuma kama mkia, na injini ikagonga kama mtu aliyefungiwa ndani anayetaka kufunguliwa.

Alinipigia simu usiku. "Mjomba," akasema, "nimeuziwa maiti iliyopakwa wanja."

Tulikwenda pamoja kwa makanika mwengine, mtu mzima asiyejuana na kibanda kile, naye alitufafanulia kwa upole kama mwalimu wa chuoni. Ringi za pistoni zilikuwa zimekwisha na beringi zimelegea. Ili zisijulikane, oili nyepesi ilimwagwa na kutiwa nzito, ya kulalia ndani kama uji, ambayo huziba nafasi zilizolegea, huzima ule mgongo na kupunguza moshi kwa siku chache mpaka joto la kazi liivunje nguvu. Tena injini hiyo ilikuwa imeshawashwa kabla ya mpwa wangu kufika, kwa hivyo aliikuta moto. Injini mbovu ukiiwasha ikiwa baridi kabisa, asubuhi, huungama yenyewe. Ikishapata moto hujikaza. Akatuambia pia tutazame chini ya kifuniko cha kutilia oili: ukikuta povu jeupe kama maziwa, jua maji yameingia na gasketi ya hedi imekwenda. Moshi mweupe usiokoma nao ni habari ya maji, wa buluu ni oili inaungua, mweusi ni petroli nyingi. Mambo haya si siri. Kila makanika anayajua. Hata yule makanika wa kwanza aliyekwenda na mpwa wangu aliyajua.

Na hapo ndipo penye jeraha. Ilikuja kujulikana kwamba yule makanika alipewa kamisheni na mwenye kibanda. Ndiyo ada ya huko. Unamchukua fundi akulinde, unamlipa nauli na chai, na upande wa pili analipwa ili asiseme. Nikamwambia mpwa wangu airudishe siku ile ile, asiiendeshe hata mwendo wa kwenda msikitini. Akairudisha. Jibu alilopewa, msomaji, unaweza kulikisia: "Umeichemsha wewe." Akaonyeshwa risiti, chini yake pameandikwa kwa kalamu kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Baada ya wiki tatu za kwenda na kurudi alipewa injini nyengine, ya kadiri tu, na gharama ya kuishusha ile na kuipandisha hii ikawa juu yake, pamoja na wiki tatu bila kazi.

Nikiwa naufikiria mkasa huu nilikumbuka jambo tulilosomeshwa tungali watoto, na ambalo nadhani wasomaji wengi wa ukurasa huu wamelisikia darasani baina ya magharibi na isha. Katika soko la Waarabu walikuwako watu wenye hila ya kumfunga ngamia au kondoo chuchu, wasimkame siku mbili tatu, hata kiwele kikajaa. Mnunuzi akija akiona kiwele kinene hudhani amepata mnyama wa maziwa mengi, na akishampeleka nyumbani, baada ya kukamwa mara moja mbili, hakuna kitu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza hila hiyo, na akampa aliyenunua hiari: akipenda amweke, na akipenda amrudishe pamoja na pishi moja ya tende. Bukhari na Muslim wote wawili wameipokea Hadithi hii.

Tazama jinsi oili nzito ilivyo ndugu wa kile kiwele kilichofungwa. Mwuzaji hakusema uongo hata neno moja. Aliliachia jicho la mnunuzi lidanganywe. Na tazama jambo la pili, ambalo sisi tukisimulia huliruka: ile pishi ya tende. Mnunuzi amekwisha kuyanywa maziwa, basi arudishe kitu badala yake. Sheria haikumpa mnunuzi kisu cha kumchinjia mwuzaji. Imewaweka wote wawili katika haki. Kwa mfano huo mpwa wangu angerudishiwa 80,000 zake na yeye akalipa chochote kwa zile siku tano alizoendesha, na kila mmoja akaenda zake. Miaka zaidi ya 1,400 imepita, na sijaona kibanda chenye utaratibu mzuri kuliko huo.

Kuna wanaosema, nami nimewasikia Mombasa si Nairobi, kwamba mwuzaji akishasema "nakuuzia kama ilivyo, mimi sina dhima" basi amejivua. Hao nawashauri wakawaulize masheikh zao. Katika madhehebu yetu ya Shafi, na hayo yamo katika Minhaj ya Imamu Nawawi ambayo hapa Pwani husomwa tangu zamani, kauli yenye nguvu ni kuwa sharti kama hilo humvua mwuzaji dhima katika ila iliyojificha ndani ya mnyama, tena ile ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Katika kitu kisichokuwa mnyama halimvui. Sababu yake wanazuoni wameieleza: mnyama hula, huugua, hupona, na ni wachache wasiokuwa na maradhi ya ndani. Mzee mmoja pale barazani alinichekesha kwa kunambia kwamba injini nayo hula na hunywa, kwa hivyo tuihesabu kuwa punda. Nikamjibu kuwa akimwona punda aliyepakwa rangi ya fedha aniite. Lakini hata tukimkubalia, bado sharti ni asiwe ameijua ila, na aliyetia oili nzito kwa mkono wake hawezi kusema hakujua.

Zaidi ya hayo, wanazuoni wamesema wajibu wa kuibainisha ila haumhusu mwuzaji peke yake. Mtu wa tatu aliyesimama pale na anaijua, naye ni wajibu wake amwambie mnunuzi. Sasa mpime kwa mizani hiyo makanika wa kamisheni.

Niongeze jambo dogo la lugha, maana lugha ndiyo kazi yangu. Neno la Kiarabu linalotumika katika vitabu vya biashara kwa ila ya bidhaa ndilo lililozaa neno letu "aibu". Ghushi nalo ni la huko huko sokoni, na hata "bei" imetoka katika neno lenye maana ya kuuza. Wazee wetu walioyachukua maneno haya walikuwa wafanyibiashara, watu wa jahazi na mizani, na ninavyofikiri mimi hawakuiona tofauti kubwa baina ya ufa wa mtungi na haya ya usoni mwa anayeuficha. Leo tumeyatenga. Ila imebaki ya chuma, aibu imebaki ya mabinti, na mwanamume anaweza kuuza injini iliyokufa asubuhi akakaa jioni barazani akihukumu mavazi ya watoto wa watu.

Hapo nimefika pale ambapo baadhi ya wenzangu hawatapenda nifike. Tukipata mikasa kama hii tuna mazoea ya kutikisa vichwa na kusema: "Hayo ni mambo ya Bara." Tunasema watu wa Nairobi hawana uungwana. Lakini kontena halianguki Dandora kutoka mbinguni. Linafunguliwa kwetu. Wako watu wetu Sharjah, watu wenye majina mazuri na alama ya sijda kwenye paji la uso, wanaonunua fungu zima la injini bila kufungua hata moja. Wako wengine Mombasa wanaozitenga zikifika, nzuri kwa mteja anayejulikana, chovu zipelekwe juu, "huko hawajui". Nilimwuliza mmoja wao, rafiki wa miaka mingi, anasemaje. Akanijibu kwa utulivu: "Mimi siapi wala sisemi uongo. Nanyamaza tu." Akaona amejisafisha. Lakini kile kiwele kilichofungwa kilisema nini? Nacho kilinyamaza tu.

Tena nakiri upande wa pili, kwani si haki kumwangikia kila kitu kijana wa kibandani. Yeye huuziwa kwa fungu, hulipa kodi ya kibanda, hulipa askari wa kanju, na mara nyingi kweli hajui hali ya ndani ya anachokiuza. Biashara nzima imejengwa juu ya kutojua: wa Sharjah hajui, wa Kilindini hajui, wa Kariobangi hajui, na kila mmoja anauza kutojua kwake kwa bei ya kujua. Hilo ndilo kosa lake. Neno "sijui" lingemgharimu shilingi elfu kumi katika bei, pengine ishirini, na lingemwacha na usingizi wake. Badala yake anaapa. Na katika Hadithi iko habari ya kiapo cha mfanyibiashara, kwamba huipitisha mali na huifuta baraka. Mimi nimeona vibanda vinavyouza sana na wenyewe hawaondoki mahali pamoja, mwaka baada ya mwaka, na sina la kusema juu ya riziki ya mtu, ila nimeona.

Tusidhani pia kwamba sheria ya nchi imenyamaza. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, imempa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahiki, na haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya ila iliyomo katika bidhaa. Maneno yale ya kalamu chini ya risiti hayana uzito kuliko Katiba. Na tangu 2021 ziko mahakama za madai madogo, ambazo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na zimetakiwa kuyamaliza katika siku 60. Injini ya Probox imo ndani ya kiwango hicho na bado inabaki nafasi ya gea boksi. Wengi hawajui, na wanaojua wanaogopa neno "mahakama". Kwa Kadhi msiende. Katiba hiyo hiyo imemwekea mpaka katika ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu nafsi yake, na injini haimo.

Liko na jambo la mali ya wizi, nalo nitalipita kwa haraka kwa kuwa hukumu yake haina utata. Taa na vioo vya pembeni hunyofolewa magari yakiwa yamesimama katika foleni, na Nairobi imekuwa kawaida mtu kuchora namba ya gari lake juu ya kioo kama anayemtia ng'ombe alama. Watu husimulia kwa kicheko jinsi mtu anavyokwenda Grogan kununua kioo akauziwa chake mwenyewe. Mimi sicheki. Mwizi hawezi kuendelea bila mnunuzi, na mwenye kununua kwa bei ambayo moyo wake unamwambia si bei ya halali asijifanye kipofu. Katika injini hatari ni kubwa zaidi, kwani namba iliyopigwa juu ya chuma huandikwa katika kumbukumbu za gari, na ukibadilisha injini unatakiwa uandikishe. Namba ikiwa imesuguliwa na kupigwa upya, atakayeulizwa na polisi ni wewe uliye na gari, wala si aliyekuuzia, ambaye risiti yake haina hata jina.

Basi nini kifanyike? Wako wanaotaka vibanda vivunjwe. Hao hawajawahi kuwa na gari bovu na mfuko mtupu. Vibanda vikivunjwa mpwa wangu ataacha kazi, na maelfu kama yeye, kwa kuwa injini mpya ya kiwandani hawaiwezi hata kwa miaka kumi. Ninalolitaka mimi ni daftari. Nchi hii ilipoona nyaya za umeme na nguzo zinaibwa, ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu Januari 2022, ikaifungua tena mwezi wa Mei, na ilikuwa imekwisha kutunga sheria tangu 2015 ya kumtaka mwuza vyuma chakavu awe na leseni na aweke kumbukumbu. Ikiwa mwuza vyuma vya kuyeyushwa anaandika, kwa nini mwuza injini ya kupandishwa katika gari la abiria asiandike? Namba ya injini, ilitoka wapi, iliingia lini, ila gani inajulikana, na siku ngapi mnunuzi amepewa za kuijaribu. Mistari mitano. Hata kama serikali haikutaka, chama cha wauzaji wenyewe kinaweza kuanza, na misikiti ya Eastlands ambayo wafanyibiashara hao husali ndani yake ina mimbari kila Ijumaa.

Na nyinyi mnaonunua, nendeni asubuhi na mapema, itakeni injini ikiwa baridi, funueni kifuniko cha oili, na fundi mnayemchukua mlipeni vizuri mbele ya mashahidi, mumwambie waziwazi kuwa hamtaki apokee kitu kutoka upande wa pili. Anayekataa sharti hilo amekwisha kukujibu.

Yuko mzee mmoja huko Dandora, si Mwislamu, mtu wa Murang'a, ambaye ana daftari la aina hiyo tangu zamani, la kurasa zilizoliwa na oili. Nilimwomba anionyeshe. Katika safu ya ila, karibu nusu ya mistari ameandika kwa herufi kubwa: SIJUI. Bei ya injini hizo huipunguza, na mnunuzi hupewa siku kumi na nne. Nilimwuliza kama hapati hasara. Akasema zinazorudi ni chache, na anayerudisha injini leo hurudi kesho kununua redieta. Wateja wake ni wachache kuliko wa jirani yake mwenye rangi ya fedha. Mpwa wangu amekwisha nunua klachi kwake.